Kukimbia, Kisha Kuandika kwa Komini

Tangu mwezi wa tano mwaka jana mimi ninakimbia. Sikimbii mtu wala deni. Ninakimbia tu, siku tatu kwa juma, hapa Lubumbashi: mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wanne, mwalimu wa darasa la tano. Wengi mmeniuliza sababu, nami ninajibu haraka kwa kuwa mnanikuta njiani. Leo nimeketi, basi nieleze vizuri, maana mbio hizi zimetufikisha mahali ambapo sikupatazamia, yaani kwenye ofisi ya komini.

Pale Taasisi ya Ualimu tulifundishwa kusimamia michezo: kupanga watoto mistari na kupiga filimbi. Miaka 12 mimi nimepiga filimbi, wengine wakikimbia. Nikataka kujua wanasikia nini kifuani. Viatu nilivipata tombola, vya mwanaume, vikubwa kidogo, nikaongeza soksi. Nilivaa suruali na juu yake kikwembe, kwa sababu kilichonilemea zaidi ya miguu ni macho ya watu wa avenyu yetu. Mama mkwe aliuliza kama nyumbani kazi zimekwisha. Jirani akauliza kama bwana yangu ameniruhusu. Bwana yangu alikuwa amelala! Saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, mwezi wa sita, na baridi yetu ile ya kiangazi, nani anaamka ili akataze?

Nilianza kwa kutembea dakika mbili na kukimbia moja. Kipimo changu ni hiki: ukikimbia na huwezi kusema sentensi nzima, umezidisha mwendo, punguza. Nawaambia hasa wale wanaoanza kwa nguvu siku ya kwanza, na siku ya pili hawashuki kitandani.

Wanafunzi wangu walipima uwanja wa shule kwa kamba: mita 80 kwa 50. Mzunguko mmoja ni mita 260. Madamu akizunguka mara 20, amekimbia kiasi gani? Kilometa 5 na mita 200. Wakataka na hesabu ya maratoni, mita 42.195. Ni mizunguko 162 na kipande, na darasa lote likacheka. Nikawaambia kwamba wanaume walianza kukimbia maratoni ya Olimpiki mwaka 1896, lakini wanawake walingoja mpaka 1984, kule Los Angeles, kwa sababu wakubwa wa michezo walisema mwili wa mwanamke hauwezi. Miaka kumi baadaye, Tegla Loroupe wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda maratoni ya New York. Msichana mmoja wa nyuma akauliza: "Waliosema hauwezi, walimpima nani?"

Mwezi wa nane tulikuwa wanne, kisha tisa: muuza makala, mshonaji, na wenzetu wa likelemba. Mwendo wa kuongea una jambo lake: mnaongea. Na kila Jumamosi tulivuka mfereji ule ulio chini ya shule, wenye mbao mbili badala ya daraja. Kiangazi unavuka ukicheka. Mvua ikija, maji yanafunika mbao. Mimi ndiye ninayeita majina darasani, kwa hiyo ninajua: asubuhi ya mvua kubwa watoto wa ng'ambo hawaji, mara nane, mara kumi na wawili. Mama zao wanafanya vema kuwazuia. Salongo tulishafanya, takataka tukazitoa. Lakini salongo haijengi daraja.

Nikaleta Katiba yetu ya 2006 na kuwasomea kifungu cha 27. Kinasema kwamba kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, nayo inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tena hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Maneno haya ya mwisho muuza makala aliomba niyarudie.

Wengine waliuliza kama mke anaweza kuweka sahihi bila bwana wake. Hofu hiyo ina asili. Sheria ya Familia ya 1987 ilidai ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliifuta ruhusa hiyo. Na Katiba, iliposema kila Mkongomani, haikuongeza "aliyeruhusiwa nyumbani".

Kukusanya sahihi kulinichosha kuliko mizunguko 20. Kwenye mlango mmoja baba fulani alisema wamama wa mbio sasa wanafanya siasa. Kama njia ya mtoto kwenda shule ni siasa, basi na sufuria ya bukari ni siasa. Tulipata majina 214, na wasiojua kuandika waliweka kidole cha wino. Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja: mfereji uko wapi, watoto wangapi wanavuka, tunaomba nini. Tuliipeleka tarehe 3 mwezi wa kumi na moja, tukiwa na nakala ya pili, na karani akaipigia mhuri. Wamama, msiache barua ofisini bila kubaki na nakala yenye mhuri na tarehe. Bila hiyo, miezi mitatu haina pa kuanzia.

Jibu bado. Ubao mmoja ulichukuliwa na maji juma la Noeli, baba wawili wakaweka mwingine. Nakala yetu inalala kwa muuza makala, ndani ya plastiki, kwa sababu paa lake ndilo halivuji.

Jumamosi tunakimbia kama kawaida, saa kumi na moja na nusu, kuanzia langoni mwa shule. Kikwembe hakikatazwi. Na tarehe 3 mwezi wa pili, ikiwa jibu halijafika, tutakwenda komini wote pamoja, kwa mwendo wa kuongea, kuuliza.