Niliogopa kisu, nusura nipoteze figo

Haya ninayoyasimulia hayazungumzwi barazani. Pale tunapokunywa kahawa jioni, huku Likoni, tutazungumza siasa, bei ya samaki na hata mahari ya binti wa jirani, lakini mzee anayeamka mara tano usiku kwenda haja ndogo hujinyamazia. Nami nilinyamaza miaka mitatu.

Nilikuwa nimestaafu kazi ya bandarini. Mkojo ulichelewa kutoka, ukitoka ni matone, na nikimaliza nahisi bado. Nikasema ni uzee. Adha kubwa ilikuwa kuvuka. Anayepanda feri kila siku anaijua foleni ile. Ukishaingia kwenye umati, huna pa kujisitiri. Nikaacha kunywa maji asubuhi, na kikapuni nikabeba chupa tupu. Aibu iliyoje!

Hatimaye mama watoto alinisukuma kwa daktari. Nilipimwa, damu pia ikachukuliwa, nikaambiwa ni tezi kibofu imekua, wala si saratani. Nikapewa tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, nikapata nafuu. Kisha nikaacha kurudi. Nilikuwa nimesikia kwamba mwisho wa safari hiyo ni kisu, na mwanamume akishapita kisu pale, ndoa imekwisha.

Usiku mmoja nilishikwa na mafua, nikameza vidonge vya dukani. Sikujua kwamba baadhi ya dawa za mafua huikaza njia ile. Saa nane mkojo ukagoma kabisa. Tulivuka kivuko mama watoto akinishika mkono, nami najikunja kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Hospitalini walinitia mpira, na ukatoka mkojo zaidi ya lita moja. Nililia kwa faraja, mtu mzima mimi.

Siku chache baadaye, nikiwa nimerudishiwa dawa, mpira ulitolewa ili nijaribiwe. Nikashindwa. Picha ikaonyesha jiwe ndani ya kibofu, na figo zote mbili zimetanuka kwa mkojo uliokosa pa kupita. Hapo daktari bingwa, kijana wa umri wa mwanangu, akaketi kando ya kitanda.

"Mzee wangu, sikupasui kwa kuwa tezi ni kubwa," alisema. "Nakupasua kwa kuwa mkojo umekataa hata tulipotoa mpira, kibofu kimefanya jiwe, na figo zinaumia."

Alinieleza kwamba wengine hupasuliwa kwa ajili ya damu isiyokoma katika mkojo, au maambukizi yanayorudi kila mara, au dawa zisipowafaa nao wamechoka kuishi hivyo. Asiye na hayo aweza kuendelea na dawa, mradi apimwe. Baadaye niliamini. Mzee mwenzangu wa Changamwe ana tezi kubwa kuliko yangu, na hadi leo anameza vidonge tu, kwa sababu kibofu chake kinamwagika vizuri.

Swali langu nililiuliza nikitazama ukuta. "Na nyumbani, daktari?" Hakucheka. Akasema nguvu za kiume aghalabu hubaki kama zilivyokuwa, ila mbegu huenda zikarudi kibofuni badala ya kutoka nje. Kwa kijana anayetaka watoto hilo ni jambo zito. Mimi nina wajukuu.

Walingoja figo zitulie kwanza. Kisha nikachomwa sindano ya mgongoni, nikafa ganzi kuanzia kiunoni, na chombo chembamba kikapitishwa kwenye njia ya mkojo kukwangua tezi. Jiwe nalo likavunjwa. Tumbo halikuguswa, ingawa tezi iliyo kubwa sana huweza kulazimu kupasua tumbo. Maji yalipitishwa kibofuni kuosha damu, na siku ya tatu mpira ukatolewa. Nikakojoa kama kijana.

Figo, hata hivyo, hazikurudi zote. Kila baada ya miezi mitatu navuka kwenda kupimwa, na chumvi nimepunguziwa. Hiyo ndiyo bei ya ile miaka yangu ya kukaa kimya.

Nyumbani kumetulia. Usiku naamka mara moja tu, na mama watoto sasa analalamika kwamba nakoroma.