Picha za Kibo na Mawingu ya Machame

Mwaka 1861 Auguste-Rosalie Bisson alipandisha kamera hadi kilele cha Mont Blanc. Miaka miwili baadaye Thomas Cook alikuwa akipeleka watalii Uswisi. Sidai kwamba picha peke yake ndiyo iliyowaita, lakini milima iliyokuwa ikiogopwa iligeuka ya kutamaniwa. Zamu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, haikukawia. Hans Meyer wa Leipzig alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na mwanzoni mwa 1930 Mswisi Walter Mittelholzer akaipiga picha kutoka kwenye ndege.

Picha hizo nimezitazama mno hapa Stechford, Uingereza, tangu mama azikwe kwetu Machame, miteremkoni mwa mlima huo, nami sikuwahi mazishi. Nyumbani hatukuwa na picha ya mlima hata moja. Nani angepiga picha ya kitu anachokiona kila akifungua mlango? Nilipouhitaji, ikabidi niazime macho ya wageni, na hayakunitosha. Mpiga picha alingoja mawingu yaondoke. Mama aliyangoja yaje. Asubuhi, Kibo ikiwa wazi, alifagia uwanja bila kuinua kichwa. Mawingu yaliposhuka hadi migombani ndipo aliposimama, akaunusa upepo, akatuambia tuanue kahawa. Mlima wake ulikuwa huo uliofichika, na huo sijauona kwenye kadi yoyote ya posta.

Mfanyakazi mwenzangu wa hapa, aliyefika kilele cha Uhuru, alinionyesha Kibo kwenye simu yake: anga safi tupu. Nilifurahi naye kwa dhati. Utalii huo umesomesha watoto wa wapagazi kwetu, siwezi kuubeza.

Wala picha za zamani sizidharau. Ramani ya mwaka 1912 Fritz Klute aliichora kutokana na picha, nayo ndiyo inayotuambia kuwa barafu ya mlima ilitanda kilomita za mraba 11 na ushei. Kufikia 2011 hazikutimia 2. Anayeililia barafu, basi, ana cha kuonyesha: palikuwa na hiki, hapa, mwaka huu. Mimi nina sauti inayosema kahawa ianuliwe, na wadogo zangu wawili wanaoikumbuka, kila mmoja kwa namna yake. Tumeshaanza kubishana kama alikuwa akilisema neno hilo kwa Kimachame au kwa Kiswahili.