Mwizi wa Nyavu na Alama 19

Mnamo mwaka wa 2019, kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, nilifundisha kwa muda katika shule moja ya msingi kando ya Ziwa Victoria. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulikuwa ungalipo, na insha ya Kiswahili iliandikwa kwa dakika 40 na kutuzwa alama 40. Nasi walimu tulikuwa na dawa yetu: mwanafunzi akariri methali na tashbihi, kisha azimwage popote. (Wasomaji wengi wa jarida hili, bila shaka, walinyweshwa dawa hiyo.)

Msichana mmoja wa darasa la saba alitunga kisa cha wizi wa nyavu. Mwizi alitambuliwa kwa mbalamwezi, ilhali wavuvi wote walikuwa ziwani wakivua omena. Alipokisoma, mvulana aliyeketi nyuma akaangua kicheko: "Mwalimu, mwezi ukiwa mpevu nani huvua omena?" Nilidhani ni utundu. Kumbe omena huvutwa kwa taa usiku. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza mvuto na mashua hubaki ufuoni.

Msichana yule hakukubali kumwacha mwizi wake. Alitwaa kalenda, akahesabu siku tangu mwezi mpevu hadi mwingine, akauhamisha wizi hadi usiku wa giza totoro. Lakini gizani nani angemwona mwizi? Akamleta ajuza aliyemtambua kwa kikohozi kutoka ng'ambo ya ghuba, kwa kuwa, alivyoandika, usiku sauti husafiri mbali juu ya maji. Nilimwuliza mwenzangu wa sayansi. Akanieleza kwamba hewa iliyopoa juu ya maji huipinda sauti ikarejea chini. Mtoto alikuwa sahihi.

Hakuna aliyemwamuru afanye hesabu wala sayansi. Ni kisa kilichomdai ukweli, kwani msikilizaji mmoja alikuwa amekwisha kukataa kusadiki. Leo, nikisoma nadharia za uhalisia maktabani, humkumbuka yeye kabla ya mhakiki yeyote.

Insha hiyo niliituza alama 19. Haikuwa na methali hata moja. Kwa wino mwekundu niliandika: "Lugha haina mapambo."

Alinijia na daftari mkononi. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nilimwambia akakariri methali zaidi. Akaitikia kwa adabu, akaenda zake.