Paka Hatoki: Shajara ya Mapunye, Magamba

5 Juni 2024

Shule zimefungwa, nyumba imejaa. Binti kaketi chini nimsuke, nikakuta pengo nyuma ya sikio: nywele zimekatika karibu na ngozi, vimebaki visiki vyeusi, na juu yake unga mweupe unaokwanguka kwa ukucha. Nikamwita kitindamimba avue sweta. Ana choa shingoni, duara lenye ukingo mwekundu ulioinuka, katikati pameanza kupoa. Jingine liko ndani ya kiwiko. Hao wawili ndio wanaolala na paka.

Paka wetu jike ni mweusi mwenye mabega meupe, ndiyo maana watoto wakampa jina la mbega wa msituni. Mama mkwe hajalikubali hadi leo. Mbegha ni yule mwindaji aliyeuanzisha utawala wa Wakilindi hapa Usambara, na wafalme waliomfuata waliitwa Simba Mwene. Iweje jina lake apewe mlamba masufuria? Jioni nimewashika paka wote mmoja mmoja pale mlangoni penye mwanga. Mbega hana kitu. Mwanawe wa kijivu ana kipara juu ya jicho na ncha ya sikio ina ukurutu.

7 Juni

Habari imeshafika barabarani, na kila anayekuja kupima nguo ana dawa yake. Mmoja kasema mafuta ya taa. Mwingine kitunguu saumu kilichotwangwa, kifungwe kichwani usiku kucha. Huyo simsikilizi, nimeshaona ngozi ya mtoto ilivyobabuka kwa kitunguu. Jirani wa chini hakutaka hata kuingia, kamwita baba watoto kutoka njiani: "Mgosi, tia hao paka kwenye kiroba, kawaache msituni, shauri limekwisha."

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Na panya utawatia kwenye kiroba gani?"

Akaanza kuhadithia tauni. Sisi tuliokuja kuolewa huku huwa tunaisikia kama hadithi, lakini yeye ilimkuta na watoto wadogo. Iliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ikawa inarudi karibu kila mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maelfu waliugua, mamia wakafa. Mtu anaamka na homa, mtoki unavimba kinenani au kwapani, akichelewa dawa haponi. Watu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakipuliza dawa ya viroboto, wakihimiza watu wasilale sakafuni na mahindi yasihifadhiwe wanapolala watu. Mama anayo mahindi yake darini mpaka sasa, na chini ya dari hiyo anataka paka.

Ukweli una upande wa pili, nikamwambia: paka naye hupata tauni akila panya mgonjwa, na hubeba viroboto. Akasema anajua. "Lakini panya mia na paka mmoja, mimi nachagua paka."

Hapo mjadala wa kiroba ulifungwa. Mwenye nyumba kasema.

10 Juni

Zahanati. Tabibu kijana, mpole, kaandika krimu ya klotrimazoli kwa choa ya shingoni na mkononi: mara mbili kwa siku, ipakwe hadi nje kidogo ya duara, na ngozi ikishatakata iendelezwe wiki nyingine. Kichwa cha binti ni jambo jingine. Ukungu umeingia ndani ya shina la nywele, krimu haifiki huko, lazima vidonge. Grisiofulvini haikuwapo. Kaniandikia kwenda hospitalini, siku ya daktari wa ngozi.

Nilimwuliza kama ni paka kweli. Akajibu swali kwa swali: anakata nywele wapi? Anavaa mtandio wa nani madrasa? Sehemu kubwa ya mapunye ya watoto wa shule katika nchi zetu hutoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto, kwa mashine ya kinyozi, kofia, kitana na mto mmoja. Ukungu wa paka ni wa aina yake. Kwa macho huwezi kuutenganisha.

Nimerudi nikiwaza. Hapa kijijini mtu akiona duara kwenye ngozi huuliza kwanza kuna paka gani nyumbani, hamwulizi kinyozi.

13 Juni

Idd iko mlangoni, na mimi ni fundi cherehani. Kanzu, magauni ya watoto, mitandio, vyote viko juu ya ubao wa kukatia, na kapu la vipande lililo chini yake ndilo kitanda cha paka tangu nianze kazi. Hili ndilo lililoninyima usingizi kuliko kichwa cha binti. Mbegu za ukungu huu hukaa kwenye manyoya yaliyodondoka, na mahali pakavu zinaweza kudumu hadi mwaka na nusu. Nguo ya mteja ikitoka hapa na unyoya mmoja, nimempelekea ugonjwa nyumbani na hela yake nimechukua.

Mlango wa chumba cha kazi sasa unafungwa. Kapu limechomwa na vipande vyake. Majora nimeyapitia kwa selotepu pana, naibandika na kuibandua, na ninachokiona juu ya gundi kinanitia aibu kwa niaba ya paka. Kila nguo inapigwa pasi ya mkaa, moto wa kutosha, ndani na nje, kabla haijakunjwa. Kitambaa laini kisichostahimili pasi kinafuliwa. Wateja wawili nimewaeleza wazi. Mmoja kachukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine. Haki yake.

14 Juni

Wifi kafika kutoka Tanga na mwanawe, na tumbo lake la miezi sita. Mtoto ana uvimbe utosini, laini, unatoa usaha kwenye vishimo, nywele zake zinang'oka ukizigusa. Alipoondoka hapa baada ya Pasaka alikuwa ameshinda amekumbatia paka wa kijivu.

Duka la dawa walimpa tyubu ya mchanganyiko: dawa ya ukungu, ya bakteria na steroidi, vyote katika krimu moja. Mwanzoni wekundu ulipungua, wifi akashukuru. Steroidi inatuliza ngozi isipigane, ukungu unapata nafasi ya kutambaa. Shavuni kwa mtoto sasa kuna kitu kisicho na umbo, si duara, si upele. Hata mtu anayezijua choa angepita bila kukitambua. Tyubu hizo zinauzwa kama peremende.

Jirani mmoja tayari ana wembe mkononi, anasema ni jipu likamuliwe. Nimemwambia likamuliwe la kwake.

19 Juni

Tumeteremka Lushoto na watoto watatu, ukungu umefunika barabara yote, dereva anapiga honi kila kona. Kwenye boksi la viberiti nimebeba nywele za paka wa kijivu nilizozivuta pembeni ya kipara.

Daktari wa ngozi kasomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, kinachofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Kafunga pazia, kawasha taa ndogo ya zambarau. Inaitwa taa ya Wood, kwa jina la mwanafizikia wa Marekani aliyeibuni mwaka 1903. Kaiinamisha juu ya kichwa cha binti. Vile visiki vya nywele vikawaka kijani, rangi ya tufaa bichi, kimoja kimoja. Mtoto wa wifi naye hivyo hivyo, pembezoni mwa uvimbe. Nikafungua boksi la viberiti. Nywele za paka zikawaka kijani kile kile.

Kwa hiyo ni paka. Ukungu wa kutoka kwa watu uliozoeleka zaidi huku kwetu, Trichophyton violaceum, hauwaki chini ya taa hiyo. Wa paka, Microsporum canis, huwaka mara nyingi, ingawa si kila mara, na kutowaka hakumtoi paka hatiani. Jirani wa kiroba sitamwambia.

Uvimbe wa mtoto wa wifi unaitwa kerioni. Ni mwili unaupiga vita ukungu wa mnyama kwa hasira kupita kiasi. Haukatwi. Ukikatwa unaacha kovu lisiloota nywele. Dawa ni vidonge vile vile, na subira.

Dozi ya grisiofulvini imepimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 20 kwa kilo, kwa wiki 6 hadi 8. Inywewe na chakula chenye mafuta, la sivyo haiingii mwilini vizuri. Nikauliza kama parachichi linafaa, akacheka: "Nyie wa Magamba mna bahati, mna maziwa na maparachichi." Wifi asiivunje wala kuinywa, ana mimba, madoa yake mawili mkononi yatibiwe kwa krimu tu.

Kabla ya vidonge hivi kuanza kutumika kwa watu, mwaka 1958, waganga waliondoa nywele za watoto kwa eksirei ili ukungu utoke nazo. Huko Israeli, miaka ya 1950, watoto wahamiaji kwa maelfu walipigwa mionzi hiyo kichwani, na baadhi yao wakaja kuota uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingoni ukubwani. Daktari alitusimulia hayo mtoto wa wifi alipoanza kulia kwamba vidonge ni vichungu. Sidhani kama yalimsaidia mtoto, ila mama yake alinyamaza.

23 Juni

Paka wa kijivu yuko kwenye banda la kuku la zamani, na ndugu zake, na Mbega pia, maana mnyama anaweza kubeba mbegu bila kuonyesha doa. Watoto wanasimama mbali wanawaita majina. Mahindi ya Mama yanalindwa kwa mitego.

Afisa mifugo kazoea ng'ombe na kuku, lakini kaja. Jambo la kwanza alilouliza ni kama kuna mtu amewapaka dawa ya josho. Hakuna, nikamwambia, ingawa ushauri tulipewa. Kashusha pumzi. Dawa nyingi za kupe zimetengenezwa kwa kuiga pareto, na ini la paka halina uwezo wa kuzivunja: ataanza kutetemeka, povu, kisha kifo. Anasema kila mwaka anaitiwa paka aliyeogeshwa josho.

Kwa hawa: nywele zinazozunguka vipara zipunguzwe kwa mkasi wenye ncha butu, bila kuchubua, na zichomwe. Krimu ile ile ya klotrimazoli kwenye madoa, tuwashike hadi ikauke wasiilambe. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, maji ya vuguvugu, na wakaushwe jikoni kwa sababu baridi ya Juni itawaua kabla ya ukungu. Kuna vidonge pia, itrakonazoli, ila bei yake imezidi uwezo wetu, na paka mzima kiafya mara nyingi hupona mwenyewe ndani ya miezi michache. Kazi ya krimu na shampuu ni kupunguza kile anachomwaga nyumbani wakati huo.

Kumwogesha Mbega kunahitaji watu wawili na koti la mvua.

7 Julai

Sabasaba, mapumziko, siku ya mablanketi. Kufua si tatizo. Kukausha ndiyo kazi. Jua limetoka saa sita, likaondoka saa nane. Mablanketi ya sufu yanakaa na unyevu, watoto wanalala wamebanana kwa baridi, na hapo ndipo choa inapopata njia hata pasipo paka. Tumewatenganisha: kila mtoto blanketi lake, kofia yake, kitana chake.

Sakafu tunafagia kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio mkavu, unaopeperusha kila kitu hewani. Kwanza sabuni na kusugua, suuza, kisha jiki iliyochanganywa na maji. Jiki ukiimwaga juu ya uchafu haifanyi kazi, na haichanganywi na dawa nyingine ya choo.

Choa ya kitindamimba imekwisha kuonekana. Bado anapakwa. Analalamika.

29 Julai

Kerioni imenywea. Nywele changa zinaota pembeni, katikati bado. Wifi karudi Tanga na vidonge vya kutosha. Kaahidi picha kila wiki, na tyubu ya mchanganyiko kaitupa chooni mbele yangu.

14 Agosti

Daktari kamwangalia binti tena chini ya taa. Hakuna kilichowaka. Vidonge vimesimama. Paka wa kijivu ana manyoya mapya juu ya jicho, laini kuliko ya zamani. Atakaa bandani hadi mwezi ujao pamoja na wenzake, afisa mifugo kataka hivyo. Mama mkwe anaona tunazidisha. Jana usiku kasikia panya darini na asubuhi hakunisalimia.

Wateja wamerudi, hata yule aliyekimbia. Nguo ya fundi mwingine ilimbana kwapani.

24 Agosti

Kikao cha wazazi. Kuna watoto wa darasa la binti waliorudishwa nyumbani kwa mapunye tangu shule ifunguliwe, wengine bado hawajaanza dawa yoyote kwa sababu wazazi wanangoja "yaishe". Nilisimama nikasema nililoambiwa hospitalini: mtoto akianza vidonge arudi darasani, avae kofia yake mwenyewe, asome. Kukaa nyumbani hakumponyi. Kinyozi wa sentani naye alikuwapo, nikamwomba mbele ya watu asafishe meno ya mashine kwa brashi na spiriti kila anapomaliza kichwa kimoja. Kakubali. Mwalimu mkuu kaandika kwenye daftari lake kwamba wasirudishwe tena. Wazazi wenye watoto majumbani, wapelekeni Jumatatu.