Maganda Yaliyonirudishia Asumini

Ninauza juisi mjini Unguja, na huu ni ushuhuda wangu juu ya maganda. Embe, nanasi, pasheni, papai. Mwezi wa Ramadhani jikoni kwangu ni kumenya na kukamua tangu asubuhi mpaka magharibi. Kwa miaka mingi maganda yalikwenda jaani, na nyuma ya nyumba mwasumini aliotuachia mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ulizidi kupauka. Ardhi yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe. Masika yakipiga, rutuba huzama chini, mizizi isikoweza kuifuata. Nilinunua yurea, ikaleta majani ya kijani kibichi kabisa, maua hakuna. Ndiyo kazi ya naitrojeni ikizidi: mti hushughulika na majani ukaacha kuchanua.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa shamba anayeniletea ndizi. Aliiona ndoo yangu mlangoni akasema, "Mwanangu, hayo unayoyamwaga ndiyo chakula cha maua." Alisema kweli. Ganda la ndizi lina potashi nyingi, na mti usiopata potashi hauchanui vizuri.

Lakini ganda bichi halifukiwi shinani hivi hivi, maana huita inzi na panya. Nilitafuta pipa kuukuu, nikalitoboa chini. Ndoo moja ya maganda yaliyokatwakatwa, juu yake ndoo mbili za majani makavu, na samadi ya kuku kidogo, kwa sababu maganda peke yake hayana naitrojeni ya kutosha. Kila wiki nalipindua. Ukitia mkono katikati unausikia moto. Hao ni vijidudu kazini. Baada ya miezi kama mitatu inatoka mboji nyeusi isiyonuka uozo. Maganda ya ndimu na machungwa huchelewa, nayatia machache. Kokwa za embe nazitoa. Jivu, ambalo wengi hulisifu, mimi silitii kabisa: udongo wetu wa matumbawe tayari una chokaa nyingi, na mwasumini hauipendi.

Ipo na mbolea ya maji. Mabaki ya embe na papai zilizoiva huchanganywa na sukari guru, uzito sawa kwa sawa, yakafunikwa kitambaa kama wiki moja, kisha yakachujwa. Wakulima wa Korea na Ufilipino huitumia sana. Kijiko kimoja cha chakula katika ndoo ya maji ya lita 10, basi. Ikikolea huunguza mizizi. Naipenda, ila msingi ni mboji. Maji hayo hayawezi kuufanya mchanga ushike unyevu.

Na hapo ndipo nilipouona muujiza wenyewe. Msimu ulipogeuka, mchanga wa shinani mwa mwasumini, nilipotandaza mboji, ulikuwa umekuwa mweusi. Jua la kaskazi, lile linalokausha hata kisima, likawa linaukuta udongo ungali na maji niliyoyamwagia jioni ya jana. Mwasumini ukatoa vitumba, vichache kwanza, kisha matawi mazima. Sasa alasiri binti zangu huvichuma kabla havijafunguka, tukafunga vikuba kwa rehani na mkadi. Wenye harusi huja kuagiza hapa hapa nyumbani. Nyumba iliyokuwa ikitoa taka tu leo inatoa harufu nzuri na riziki, na yurea sijainunua tena.

Shoga yangu unayesoma, nawe kaka mwenye genge la matunda, nakuombeni msiyapeleke jaani. Anzeni na ndoo moja iliyotobolewa chini, na majani makavu ya mwembe wowote ulio karibu. Waridi, asumini, hata ua la kopo dirishani, yote yatakula.