Daktari Aliyebisha Hodi

Ziara ya nyumbani, yaani desturi ya daktari wa familia kumfuata mgonjwa kitandani kwake, ilikuwa jambo la kawaida sana katika Marekani ya mwaka 1930, wakati takribani asilimia 40 ya watu waliotibiwa na daktari walitibiwa majumbani mwao. Kufikia mwaka 1950 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 10, na mwaka 1980 hakikufika hata asilimia moja.

Kumbukumbu za enzi ile hurejea daima kwenye mkoba mweusi, ambao ulitosha kwa sababu tiba yenyewe ilikuwa haba: stetoskopu, kipimajoto, sindano na vichupa vichache vya dawa. Haki inataka isemwe pia kwamba kwa maradhi mengi ya wakati huo daktari alikuwa na faraja nyingi kuliko dawa. Jarida la Life lilipochapisha, mwaka 1948, picha alizopiga W. Eugene Smith za Ernest Ceriani, daktari wa mji mdogo wa Kremmling, Colorado, wasomaji walikuwa tayari wanautazama ulimwengu unaowaponyoka.

Maabara na mashine za eksirei hazikuingia mkobani, na sheria ya Hill-Burton ya mwaka 1946 ilitoa fedha za serikali kuu kwa ujenzi wa hospitali. Gari, ambalo awali lilimrahisishia daktari safari zake, sasa likawa la kumpeleka mgonjwa kwa daktari. Mwaka 1965 ilianzishwa Medicare, bima ya serikali kwa waliotimiza miaka 65, lakini malipo yake kwa ziara yalikuwa madogo, hata daktari aliyemaliza saa nzima njiani kwa ajili ya mzee mmoja alijiona amepata hasara.

Aliyeumia zaidi ni mzee asiyeweza kushuka ngazi, na hakuumia kwa kukosa vipimo tu. Daktari aliyeingia ndani aliona zulia lililokunjamana ambalo lingemwangusha mgonjwa usiku, vidonge vya mwezi uliopita vilivyojaa droo bila kuguswa, jokofu lisilo na chakula, na mke aliyechoka kuliko mumewe anayeuguzwa. Hayo hayasemwi kliniki, kwa sababu ya haya, na kwa sababu mzee huvaa nguo zake nzuri siku ya kwenda kwa daktari.

Mwaka 1998 Medicare ilipandisha malipo ya ziara, nazo zikaanza kuongezeka, zikisaidiwa na vifaa vya kupima moyo vinavyobebeka. Mwaka 2012 ulianza mpango wa majaribio ulioitwa Independence at Home, uliodumu hadi mwisho wa mwaka 2023, ambapo timu za madaktari na wauguzi wenye mafunzo ya juu ziliwahudumia wazee majumbani mwao na kupata sehemu ya fedha zilizookolewa. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa ulikuwa mwembamba. Ili kukubaliwa, ilibidi mzee awe na angalau maradhi mawili sugu, ahitaji msaada katika shughuli za kila siku kama kuoga na kuvaa, na awe amelazwa hospitalini kwa dharura ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Yaani kwanza abebwe kutoka nyumbani kwake, ndipo daktari aruhusiwe kumfuata huko.