Hispania walishika mpira, mimi nikakosa kodi!

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka naomba nikuulize swali moja. Ukiona timu inapiga pasi mfululizo hadi macho yanakuuma, na wenzao wanahangaika uwanjani kama vifaranga waliopotelewa na mama yao, utasema nani anatawala mchezo? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, tena kwa fedha taslimu, na jibu hilo likala kodi ya nyumba ya miezi mitatu.

Basi bwana, ilikuwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 2022, Kombe la Dunia linachezwa Qatar. Saa za kule na za hapa Dar ni zile zile, kwa hiyo Hispania na Japani walianza saa 4:00 usiku. Nilikuwa kibanda umiza cha mtaani kwetu Mwananyamala, benchi la mbele kabisa, na kwenye simu nilikuwa na Sh. 240,000. Hela ile haikuwa yangu peke yangu. Nusu yake aliitoa mama watoto, aliyoipata shilingi kwa shilingi kwenye genge lake la nyanya na vitunguu. Kesho yake asubuhi ilitakiwa iende kwa mama mwenye nyumba.

Hadi mapumziko Hispania walikuwa wanaongoza 1-0, bao la kichwa la Alvaro Morata dakika ya 11. Wajapani mpira walikuwa wanauona kwa mbali kama sisi tuliokaa kibandani. Mshikaji wangu mmoja, fundi pikipiki, akaninong'oneza: "Kaka, hii mechi imekwisha. Mtu akiweka hapa anaokota tu."

Na mimi nikaweka. Kwa kuwa Hispania walikuwa mbele, faida yenyewe ilikuwa kiduchu, kama elfu thelathini hivi juu ya dau langu. Lakini elfu thelathini ya bure kwa dakika 45, nani ataikataa? Nikabonyeza. Laki mbili na arobaini yote, chaliii!

Utauliza, kiburi hicho nilikitoa wapi? Nilikitoa kwenye takwimu. Tarehe 23 Novemba Hispania walikuwa wameichapa Kosta Rika 7-0 kwa pasi zaidi ya 1,000, na Kosta Rika hawakupiga hata shuti moja, liwe la kulenga lango au la kwenda kwa mashabiki. Nikasema, hii ndiyo maana ya kutawala. Kumbe siku ile ile, saa chache kabla, Japani walikuwa wameifunga Ujerumani 2-1 huku wakiwa na mpira kama robo tu ya mchezo. Hilo nikaliita bahati.

Halafu Jumapili ya tarehe 27 Japani nao wakaushika mpira, wakaushika zaidi ya Kosta Rika, wakafungwa 1-0. Bao la Keysher Fuller lilitokana na shuti la kwanza la Kosta Rika kulenga lango katika mashindano yote yale! Mtu mwenye akili zake angekaa akajiuliza: hawa wakikosa mpira wanashinda, wakiupata wanafungwa, kulikoni? Mimi nikasema Wajapani wamekwisha.

Kipindi cha pili kikaanza. Kocha wao, Hajime Moriyasu, akawaingiza Ritsu Doan na Kaoru Mitoma. Wale watu waliokuwa wamejikunyata nyuma muda wote wakachomoka kama wamemwagiwa maji ya moto, wakamkimbilia kipa Unai Simon na mabeki wake palepale golini kwao. Dakika ya 48 mpira ukapotea, Doan akaachia shuti la mguu wa kushoto. 1-1. Dakika ya 51 Mitoma akauwahi mpira kwenye mstari wa mwisho, akaurudisha ndani, Ao Tanaka akamalizia. Kibanda kizima tukapiga kelele, "Umetoka! Umetoka huo!" Mwamuzi akasubiri picha za video, ikaonekana tumbo la mpira lilikuwa bado juu ya mstari. 2-1.

Sikuogopa. Nikasema mpira si tunao? Na kweli tulikuwa nao. Unatoka kwa Rodri, unakwenda kwa Pau Torres, unarudi kwa Rodri. Unakwenda kushoto, unazungukia kulia, unarudi kwa Rodri. Dakika ya 60, ya 70, ya 80. Kuna dakika chache Hispania walikuwa nje ya mashindano kabisa, maana kwenye mechi nyingine Kosta Rika walikuwa wanaiongoza Ujerumani 2-1. Ujerumani ndio waliowaokoa kwa kushinda 4-2, ingawa wao wenyewe wakaaga.

Filimbi ikalia. Mkeka ukachanika. Pasi zaidi ya 1,000 za Hispania, na Japani wameshinda wakiwa na mpira asilimia 17.7 tu. Katika kumbukumbu za Opta, zinazoanzia mwaka 1966, hakuna timu iliyowahi kushinda mechi ya Kombe la Dunia ikiwa na mpira kidogo namna ile. Historia iliandikwa bwana, na mimi niliichangia wino.

Nilifika nyumbani saa 6 na robo usiku. Mama watoto akanifungulia mlango, akaniangalia usoni mara moja tu, akakaa kitandani akisubiri. Nikaanza kueleza. Jamani nilieleza! Nikampa asilimia, nikampa idadi ya pasi, nikamwambia habari ya mstari na video, nikamwambia Hispania ndio waliotawala na kwamba dunia haina haki. Nadhani niliongea nusu saa nzima. Yeye hakusema neno. Nilipokaukiwa mate akaniuliza:

"Sasa baba, hao waliokuwa na mpira walikuwa wanaupeleka wapi?"

Nikababaika. Nikasema walikuwa wanaumiliki.

"Nisikilize," akasema. "Gengeni kwangu kuna mteja anashika nyanya zote. Anabonyeza hii, anageuza ile, anapanga mafungu upya. Ukipita barabarani utadhani ndiye tajiri wa mtaa. Mwisho anauliza bei, anaondoka. Halafu anakuja mtoto katumwa na mama yake, anaweka mia tano, anachukua fungu lake, mbio. Nani kanunua?"

Nikanyamaza. Hakuwa amemaliza.

"Na wengine ninawajua. Nikimwona anakuja namwachia zile za pembeni ashike mpaka achoke. Nzuri nimeziweka nyuma yangu. Yeye anadhani genge ni lake. Haya, kodi iko wapi?"

Msomaji, ile sentensi ya mwisho ilikuwa na maneno manne, na ilinifunga zaidi ya bao la Tanaka. Nusu saa nzima mpira wa maneno nilikuwa nao mimi, na mechi kaimaliza yeye.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mama mwenye nyumba, akaomba wiki mbili. Halafu akachukua mkopo kwenye kikoba chao, mkopo ambao alikuwa ameuombea kitu kingine: friji la kuuzia juisi na maji baridi. Mwaka mzima alikuwa analipigia hesabu friji lile. Likageuka kodi, kwa sababu mume wake anajua takwimu.

Tangu usiku ule maneno ya nyanya hayakunitoka. Nikaanza kufuatilia hizo asilimia zinapatikanaje. Wengi tunadhani kuna mtu amekaa na saa anahesabu dakika. Wapi! Opta wao wanahesabu pasi: pasi za timu moja dhidi ya jumla ya pasi zote za mchezo. Kwa hiyo mabeki wawili wakirushiana mpira mara hamsini katikati ya uwanja, bila kumkera mtu yeyote, asilimia inapanda. FIFA kule Qatar walikuja na mtindo wao wa kugawa mara tatu: wa kwangu, wa kwako, na mpira unaogombewa ambao hauna mwenyewe. Ndiyo maana mechi moja inaweza kukupa namba mbili tofauti, na zote zikawa sawa. Lakini hakuna hata moja inayokwambia mpira ulikuwa sehemu gani, wala kama mpinzani alinyang'anywa au alikuachia kwa hiari yake.

Na Japani waliachia. Walipanga mabeki watano nyuma, wakawaambia Hispania shikeni nyanya za pembeni. Walizitaka dakika chache tu za kwao, na walizichagua wenyewe. Sasa hapo anayetawala ni nani? Ni yule mwenye mpira, au yule aliyeamua mwenye mpira akae wapi nao?

Jumanne ya tarehe 6 Desemba Hispania walicheza na Moroko. Sikuweka hata senti. Mama watoto alikuja kibandani, akakaa kando yangu na mfuko wa karanga. Dakika 120, pasi zaidi ya 1,000 tena, mashuti ya kulenga lango hayamalizi vidole vya mkono mmoja. Yassine Bounou golini alikuwa kama mtu aliyekuja kutazama mechi bure. Yakaja matuta. Kocha Luis Enrique alikuwa amesema kwamba aliwaagiza vijana wake wapige penalti 1,000 za mazoezi kabla ya kuja Qatar. Pablo Sarabia akagonga mwamba, Carlos Soler ikadakwa, Sergio Busquets ikaokolewa. Tatu, sifuri! Achraf Hakimi, kijana aliyezaliwa palepale Madrid, akaidokoa ya mwisho taratibu katikati ya lango, kwaheri.

Mama watoto akamenya karanga. "Saa mbili nzima za kubonyeza," akasema, "na kaondoka mikono mitupu."

Lakini nisije nikakupoteza upande wa pili. Kuna washkaji siku hizi wanasema kumiliki mpira ni upuuzi, eti dawa ni kukaa nyuma na kungoja. Si kweli. Asiye na mpira hafungi. Hispania hao hao walichukua Kombe la Dunia mwaka 2010 kule Afrika Kusini kwa staili hiyo. Hatua ya mtoano waliwafunga Ureno, Paragwai, Ujerumani na Uholanzi, wote kwa 1-0. Mpira kwao ulikuwa kufuli: wakipata bao moja wanaufunga mlango na ufunguo wanatembea nao. Ingawa hata mwaka huo mechi ya kwanza waliushika mpira wakafungwa 1-0 na Uswisi. Na lile 7-0 la Kosta Rika je? Mama watoto analo jibu: yupo mteja anabonyeza sana kwa sababu amekuja kununua tenga zima. Ukimwona anabonyeza hujui bado. Subiri umwone akitoa hela.

Nenda fainali ya mwaka 2018 kule Moscow. Kroatia walikuwa na mpira asilimia 61, Ufaransa 39. Matokeo? Ufaransa 4, Kroatia 2. Kombe halikuuliza asilimia.

Walioniliza ndio walionifariji. Juni 15, 2024, kule Berlin, Hispania walifungua mashindano ya Ulaya kwa kuifunga Kroatia 3-0, na safari hii wapinzani ndio walioshika mpira zaidi. Lilikuwa jambo geni kweli: mechi 136 za mashindano zilikuwa zimepita, tangu fainali ya Ulaya ya 2008, bila Hispania kuzidiwa umiliki. Kocha mpya, Luis de la Fuente, alikuwa na mawinga wawili, Lamine Yamal na Nico Williams, ambao wakipata mpira hawaulizi pasi ya ngapi, wanakwenda. Wakashinda mechi zote saba, fainali wakaifunga Uingereza 2-1. Hawakuacha kupenda mpira. Waliacha kuushika kwa ajili ya kuushika.

Fainali ile niliitazamia nyumbani. Pembeni friji lilikuwa linanguruma. Ndiyo, lilinunuliwa, Agosti 2023, miezi minane baada ya muda wake. Kila mwezi nilikuwa nalipa sehemu ya ule mkopo, na jioni nikitoka kazini nalinda genge ili yeye apumzike. Hela ya kodi siku hizi haikai kwenye simu yangu hata saa moja.

Kwa hiyo mtu akikuletea asilimia, muulize maswali ya gengeni. Mpira walikuwa nao sehemu gani? Waliutwaa au waliachiwa? Walipeleka wapi? Akishindwa kujibu, basi hajui nani alitawala, anajua tu nani alishika nyanya.

Haya, tukijaaliwa tukutane wiki ijayo. Na kodi yako lipa kabla mechi haijaanza!